Malkia Hawezi Kulia Peke Yake

Ngalula, mama yangu,

Anayesema ni minye nkambo yako, mama ya mama yako. Mukono yenye kuandika ni ya Mama Odile, jirani wetu, juu masomo ilipita mbali na mulango yetu wakati nilikuwa mutoto, na haikurudi. Nilimukataza kutengeneza maneno yangu. Nikisema vibaya, aandike vibaya. Alitaka tuanze na habari ya afya. Nikamuambia: afya yangu Ngalula anaijua, aliiacha hapa ikikohoa. Tuingie mu maneno.

Baba yako alituma muntu kusema treni inatoka kesho. Tangu mulienda kulala kule ku gare na Bakasai wengine, bantu ya Kasai benye kufukuzwa hapa, juu ya mizigo, mvua ikiwanyeshea, balisha kutuambia "kesho" mpaka nikaacha kuamini. Lakini huyu wa leo aliona mashini yenyewe ikivuta mavagoni, na bantu bakisukumana juu ya nafasi. Basi ni kweli. Kesho utaenda Mwene-Ditu, kwa bantu ya baba yako, inchi haujaionaka ata siku moja, na balisha kukuambia kule njo kwenu. Minye nilikupokea na hii mikono hapa Shituru, ukiwa na damu ya mama yako bado ku kichwa. Lakini hakuna muntu aliniuliza kwenu ni wapi.

Maneno ya kuchemsha maji na ya kuficha feza, baba yako ataisema mpaka utachoka. Minye sina nguvu ya ile. Ninataka kusema juu ya teatre.

Ile siku ya mwisho, mu uwanja nyuma ya parokia, ulitoka mbele ya bantu mchezo haujaisha. Nilikufuata mpaka nyumbani. Ulikuwa unavua nguo ya malkia, unaivuta kama muntu mwenye kuchuna sungura, na ukasema: "Nkambo, sitacheza tena. Ata huku, ata Mwene-Ditu, ata fasi gani." Nikasema, utacheza. Ukasema: "Sitacheza. Na ni juu yako."

Kisha nikapika unga, tukala bukari. Tangu pale tulisemea mizigo, tulisemea sabuni, tulisemea baba yako na miguu yake yenye kuuma. Ile neno tuliiruka kila siku kama shimo mbele ya mulango. Kesho unaenda nayo, na minye sitaki iende mu vagoni pamoja na weye.

Wacha nianze mbali kidogo. Unisikilize.

Unajua nilikuwaka nikifagia sale, ile ukumbi ya wakubwa ya kampani, wakati usine ya shaba ilikuwa inatoa moshi na bantu banalipwa. Mule njo niliona teatre mara ya kwanza. Nilikuwa mu mulango na fagio. Mwalimu Anaclet alikuwa angali kijana, anafundisha masomo ya mapadri, na alichagua batoto benye Kifaransa ya kunyooka, akabavalisha mashuka. Mutoto moja alikuwa malkia. Alisema, akasema, mikono juu, mikono chini. Mabibi ya wakubwa balikuwa banajipepea na makaratasi. Ku mwisho balipiga makofi ya polepole, kama muntu anapanguza unga mu mikono, bakaenda kunywa.

Nikamuuliza Anaclet: "Mwalimu, ule mama analilia nini?"

Angeweza kunifukuza. Aliikala ku kiti, akaniambia yote. Akasema ni mambo ya zamani sana, ya bantu walikufa mbele ya Wafaransa kuwa Wafaransa. Bwana ya malkia alienda ku vita. Mujumbe anarudi, na malkia anamuangalia uso na anajua. Lakini hataki aseme. Anamupatia chakula. Anamuuliza habari ya barabara, ya farasi, ya mvua, kama mihindi ya kule ilikomaa. Nyumba yote inajua, yeye pia anajua, kinywa tu njo inakataa. Mpaka anachoka, na anamuambia: sema. Njo analia.

Ngalula, nilisimama na ile fagio, nikasahau kufagia. Siku nkambo yako mwanaume alianguka mu usine, balimutuma kijana wa kazi yake kuniambia. Alisimama mu mulango, kofia mu mikono. Nilimuambia ingia. Nilimuambia ikala. Nilimuuliza kama mama yake alipona, kama mbuzi yao ilizaa. Nilimupikia bukari na sombe, na alikula, machozi inaanguka mu sahani, na minye namuambia kula, baba, kula, uko mwembamba. Sikujua kama kulikuwa mama mwingine alifanya vile. Na kumbe alikuwa malkia, na alifanya mbele yangu.

Lakini nikarudi kufagia. Sikukuambia ile habari miaka yote. Nilikuambia tu, wakati ulianza kumufuata Anaclet: "Teatre ni ya bantu benye viti." Na wakati viti yenyewe ilikwisha, unakumbuka? Usine ilinyamaza, mishahara ikawa hadisi, wakubwa bakaenda, mabati ya ile sale bakaitoa, moja leo, ingine kesho, mpaka mvua ikaanza kucheza teatre mule ndani yenyewe. Anaclet alikuwa halipwi kama bote. Akakuya hapa na viatu yenye kufunguka kinywa, akasema: "Mama, ninataka kuchukua Ngalula. Tutacheza ile mambo ya malkia mu uwanja, mu Kiswahili, na bantu ya hapa."

Nikamuambia: "Mwalimu, bantu bako na njala. Weka maneno ya kuchekesha. Na ule malkia, mukatie maneno. Akuye, alie, aende."

Akasema: "Mama, sitakata ata moja."

Na weye ukasimama upande yake. Nilikasirika sana. Nilisema hawa babili hawajui watu. Na njo minye nilikuwa sijui. Nilifikiri muntu mwenye njala anaweza kusikiliza tu kicheko. Bale benye kupoteza vitu mingi njo balikuya na masikio mingi. Baliikala chini ku vumbi mpaka jua ilizama, hakuna muntu aliuliza itaisha saa ngapi. Minye nilifagia sale ya wakubwa miaka mingi, nilisha kuzoea kufikiri kama bo wenyewe.

Lakini tuseme kweli, na ninyi mulianza vibaya. Unakumbuka Anaclet alivyoleta Kiswahili ya kitabu ya misa? Ukasimama mbele ya Papa Mwape, mufundi ya usine, mujumbe wetu, ukamuambia kwa sauti ya juu: "Ewe mjumbe uliyetoka mbali, karibu uketi!" Na mama moja mu bantu akauliza: "Huyu malkia ni katekista?"

Uwanja yote ikacheka. Papa Mwape mwenyewe akacheka, na alikuwa analeta habari ya kifo.

Ulilia mu nyumba ile siku. Kesho yake ukarudi, ukamuambia Anaclet utasema kama nkambo anasema. Sikujua ulikuwa unaniangalia. Ukaanza: "Weye, ikala. Ulikula?" Ni ile tu. Na niliona mabega ya bantu ikashuka.

Papa Mwape hakujua kusoma kama minye. Anaclet alimusomea, yeye anarudilia, akilima mihogo yake, akibeba makala, akienda choo. Bibi yake aliniambia: "Mama, huyu mwanaume ananiamsha kuniambia mufalme alikufa. Minye nilisha kujua mufalme alikufa. Anipatie feza ya chumvi." Na kila siku ya kurudilia, Mwape anamuuliza Anaclet: "Mwalimu, huyu mujumbe alikula lini mara ya mwisho? Juu namna anapewa ile chakula mu mchezo, inafaa iwe chakula ya kweli." Na Anaclet, masikini, alikuwa anatafuta kiazi.

Sasa ninafika ku ile siku ya kwanza ya kweli, na Odile atapenda hii, juu ni yake.

Ulikuwa juu ya mukeka. Ukamuambia mujumbe aseme. Akasema. Ukaanguka chini na ukalia, na haukulia kama batoto ya ile sale, mikono juu mikono chini. Ulilia kama sisi. Na Odile, aliyekuwa ameikala pembeni yangu, akasimama. Akafungua kikwembe yake, akaifunga mu kiuno vile tunafunga ku kilio, akatembea mpaka ku mukeka, akaikala chini, akakushika mugongo. Mama mwingine akasimama. Mwingine. Nikaenda na minye. Mukeka ikajaa bamama, na tukaanza kulia na weye, vile tunalia, sauti inapanda moja na ingine inaipokea.

Papa Mwape akasahau maneno yake yote. Anaclet akatoka nyuma ya pazia na makaratasi mu mukono: "Bamama! Bamama, murudi! Ni teatre!"

Odile akamujibu, bila kugeuka: "Tunajua ni teatre, Mwalimu. Lakini mutoto analia. Unataka tumuangalie tu?"

"Ku maandishi, malkia analia peke yake!"

"Basi waliomuandika ni bantu babaya."

Hakukuwa muntu alidanganyika. Iandikwe muzuri, Odile, juu kuna bantu ya muji walisema kisha kwamba bamama ya Shituru ni bajinga, bafikiri mufalme alikufa kweli. Tulijua ni Ngalula wa hapa, tulimuona asubuhi akichota maji. Lakini ku kilio hauulizi kwanza. Muntu analia, unaenda kuikala. Kuuliza ni kisha.

Anaclet alikasirika siku mbili tatu. Alisema tulivunja mchezo, juu kisha ya kilio malkia iko na maneno mingine, ya mukubwa kupita yote, na hakuna aliyeisikia mu ile makelele. Alikuwa na haki. Na sisi tulikuwa na haki. Basi akafanya kitu moja nitamupendea mpaka nikufe: akanunua mukeka ya pili. Akaitandika pembeni ya ile ya malkia, wazi. Na akakufundisha kungojea. Bamama bakuye, balie, sauti ishuke, njo weye usimame na useme yako.

Tangu ile siku bantu balikuya na kipande ya kuni mu mukono, ama makala mu karatasi, vile tunabeba ku kilio. Hakuna muntu alisema balete. Ile kuni njo ilipika chakula ya mujumbe, na Papa Mwape akanenepa mashavu. Mulienda Kikula, mulienda Panda, fasi yote ile mukeka ya pili ilijaa. Ku Panda mwanaume muzima alikuya kuikala, akaomba ruhusa kwanza. Nilikuwa nabeba nguo zako mu kichwa nyuma yenu, na nilikuwa na kiburi, Ngalula, kiburi ya mubaya kabisa.

Kisha ikakuya ile mwaka.

Sitaisema yote, uliiona. Bavijana ya siasa bakapita mu maparsele, nyumba kwa nyumba, bakihesabu nani ni wa hapa na nani si wa hapa. Bantu walikuwa banapeana chumvi juu ya ukuta bakaanza kuongea chini chini. Baba yako bakamuambia kazi yake iko na mwenyewe. Minye ni muntu wa Lufira, nilizaliwa mbele bafunge ile muto na baraji ya Mwadingusha, hakuna anayeweza kuniambia rudi kwenu. Lakini minye njo nkambo ya Mukasai, na bakanitazama tofauti ku soko. Muuza samaki ya ndakala alinipimia na vidole viwili, kama naambukiza.

Anaclet akasema tucheze mara moja tena mbele bantu baende. Nilimuambia asifanye. Ninasema hii juu unafikiri minye nilitaka ile siku. Sikutaka. Nilimuambia: "Mwalimu, ile mukeka itabaki wazi." Akasema: "Ikibaki wazi, bataiona iko wazi." Ni muntu wa vitabu, anapenda maneno kama ile. Minye nilijua nani ataikala karibu nayo.

Papa Mwape hakukuya. Bakaenda kwake bakamuambia asisimame na Bakasai. Alituma bibi yake na salamu na kiazi. Anaclet mwenyewe akavaa nguo ya mujumbe. Bantu balikuya, mingi, na ile njo iliniogopesha. Hakuna aliyekuwa na kuni. Bavijana balisimama nyuma, mikono mu mifuko.

Na ulicheza vizuri, Ngalula. Sijakuonaka ukicheza vile. Ulimuuliza Anaclet habari ya barabara, na kila muntu alikuwa anafikiri ile barabara ya treni. Ulisema: sema. Akasema. Ukaanguka.

Nilingojea. Weye pia ulikuwa unangojea, niliona mugongo yako ikingojea. Nikaangalia bamama. Bale balikushika ku Kikula, bale balikufunga kichwa ku Panda. Baliangalia chini. Moja alikuwa anatengeneza nguo ya mutoto wake, iliyokuwa imetengenezeka.

Hapa Odile ameweka kalamu chini. Anasema: "Na ile utaiandika?"

Namuambia: "Weye njo unaandika."

"Unajua mutoto yangu alikuwa nyuma kule na bale bavijana."

"Ninajua."

"Aliniambia mbele tutoke nyumbani: mama, ukisimama, leo usirudi kwangu."

"Ninajua, Odile. Andika vile."

Alishika kalamu tena. Aliandika. Mukono yake haiko muzuri sana hapa, utavumilia.

Basi nikasimama minye. Na hii goti. Nilifunga kikwembe, nilitembea ile fasi yote, na sikusikia kitu isipokuwa viatu yangu. Nikaikala ku mukeka ya pili, nikakuwekea mukono ku mugongo. Na ukaniambia, uso ukiwa chini, meno imefungwa: "Nkambo, rudi."

Sikurudi.

"Nkambo, unaniaibisha. Rudi."

Na ule kijana wa nyuma akasema ile neno yake, bote bakaisikia: "Ni nkambo yake tu! Ana muntu moja tu!" Bakacheka. Ukasimama, ukatoka, na Anaclet akabaki katikati na kofia ya mujumbe, hajui aangalie wapi.

Ninajua sasa kitu ulichotaka kuniambia, na haukuniambia kwa heshima. Kama nisingesimama, ungekuwa malkia mwenye kuachwa na muji. Ungemaliza. Nilisimama, ukawa mutoto yatima mwenye kubembelezwa na muzee wake. Nilikutoa mu mchezo na mukono yangu. Njo vile, hapana?

Nilifikiri sana juu ya ile. Nilitaka kukuambia nilikosea, na maneno ikakwama, juu si yote yangu ni kosa. Wacha nikuambie fasi inatoka.

Mama yako, mbele weye uzaliwe, alizaa mutoto mwingine, na ule mutoto alikufa. Majirani wa pale balikuwa wapya, hatukujuana, na minye nilikuwa na haya ya ujinga. Nilimuambia mama yako: nyamaza, bantu banasikia. Alinyamaza. Alikuwa mutoto wa kusikiliza. Alinyamaza mpaka alikuzaa weye, na ile siku ya kukuzaa hakupiga kelele ata moja, na hatukujua kama anakufa. Bamama wa kuzalisha waliniambia: huyu ni hodari. Hodari! Tangu pale muntu akilia karibu yangu, miguu yangu inaenda yenyewe. Haiulizi ni teatre ama si teatre, haiulizi kama ninasaidia ama ninaharibu. Kwa hivyo ungefanya ile mchezo kesho mbele yangu, na uniambie nkambo ikala, ningesimama tena. Ninakuambia kweli juu sitaki uende na nkambo wa kubuni.

Lakini kosa iko. Nilifikiri ile kilio ilikuwa yako. Ilikuwa ya malkia. Anaclet alikuya juzi, mbele ya kutafuta fasi ya kujificha na bibi yake, juu bale bavijana banamutafuta tangu ile mchezo, nikamuuliza, kwa mara ya kwanza, aniambie maneno ya malkia ya kisha, ile ya mukubwa kupita yote. Unajua sikuisikiaka muzuri? Kila mara nilikuwa pale ku mukeka na minye, masikio imejaa kilio yangu, nafuta pua. Akaniambia. Malkia anasimama, anafuta uso na mukono, na kitu ya kwanza anasema ni: mufungue mulango ya muji, kuna babibi bengine benye kuya, bana zao na bwana zao hawakurudi pia.

Kumbe ile mama alikuwa hangojei muntu akuye kwake. Alikuwa anajiandaa kufungulia bengine.

Na ile siku haukufika pale. Hakuna muntu mu ile uwanja alisikia ile neno, na njo ile siku balikuwa na haja nayo kupita siku zote. Bale bamama benye kuangalia chini, mutoto wangu, balikuwa na haja nayo. Odile alikuwa na haja nayo. Weye ulifikiri balikunyima. Na balikunyima. Lakini na weye ulienda nayo mu kinywa.

Mwene-Ditu batacheka Kiswahili yako. Batasema unaimba kama muntu wa Katanga, na hapa balisema weye ni Mukasai. Wacha bacheke. Kule banasema Tshiluba, na yako ni ya mutoto wa mwaka mbili, nilikusikia ukisalimia bashangazi. Basi usifanye kama ile siku ya katekista. Usibapelekee malkia wa Shituru tayari, umeshonwa, umepigwa pasi. Utafute muntu kama Papa Mwape, asiyejua kusoma, mwenye kuuliza maswali ya tumbo, na yeye akufundishe vile mama wa kule anamuambia mugeni ikala, ulikula. Weye umupatie mambo, yeye akupatie maneno. Na kilio yao sijui. Pengine kwao muntu mwenye kulia banamuacha kwanza, banasimama mbali, ni heshima yao. Usibatandikie mukeka yetu kwa nguvu na kisha ukasirike iko wazi. Uulize. Uikale mu kilio zao za kweli, ubebe kuni, usilete teatre mule, uangalie tu. Itachukua muda. Ata kama utakuwa na batoto mbele uanze, si kitu.

Na usiseme tena utaacha juu yangu. Sema utaacha juu umechoka, juu una njala, juu unachukia bantu. Ile nitaisikia. Lakini minye niliona ile mambo mara ya kwanza kutoka mulango, na fagio, nikarudi kufagia, na nilikaa na ile habari peke yangu miaka mingi, nikifikiri ni minye tu niliyemupikia bukari mujumbe wa kifo. Sitaki kuwa njo mulango yenye kufungiwa bengine.

Odile anauliza kama nimemaliza, mukono yake inauma. Nimuambie nini? Kidogo tu.

Kesho nitakuya ku gare. Si asubuhi sana, nitakuya mchana, jua ikiwa wazi, bale bavijana bakiwa pale na bantu yote ya Shituru benye kutaka kuona nani anaenda. Sitakuya kujificha nyuma ya ukuta. Utapanda. Baba yako atapitisha mizigo mu dirisha. Utatoa kichwa, na nitakupa salamu ya safari.

Na treni ikianza kutembea, nitalia. Unanijua, sitalia kidogo. Nitafunga kikwembe mu kiuno na nitaikala chini palepale, mu makokoto, na nitalia vile sikumuachia mama yako kulia.

Pengine muntu atakuya kuikala na minye. Odile ananiangalia, na minye simuulizi. Iko na mutoto na nyumba ya kurudia. Pengine hakuna atakayekuya. Utaona yote kutoka dirisha, juu ile treni inaendaka polepole sana hapa mbele ya kupanda kilima.

Usishuke. Unasikia, Ngalula? Ata ukiniona peke yangu, ata bakicheka. Ukishuka kuya kuikala na minye, nitakurudisha mule ndani na kiatu. Hii ni kilio yangu, nitaimaliza mwenyewe, kisha nitasimama na goti yangu na nitaenda nyumbani. Weye ikala fasi yako mu vagoni, angalia mama wa pembeni yako, na umuulize kama alikula.

Nkambo yako,
mwenye kukubeba